Pumzi za Nyumba ya Tatu

Subilaga alipouona mstari ule mara ya kwanza alidhani kishikwambi chake kimeingia maji. Mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri, mvua nyembamba ya Isebelo isiyo na radi wala haraka, na begi lake la kazi lilikuwa limelowa. Akapangusa kioo kwa mkono wa sweta, akasogea karibu na dirisha la jikoni kwa Mama Ikupa, akausoma upya.

Mstari ulikuwa vilevile.

Hakuja pale kuutafuta. Kwa wiki tatu mawasiliano ya nyumba ya Bupe, iliyoko juu kabisa mgongoni mwa mlima, yalikuwa yakiyumba kila mchana. Mawimbi hayakumfikia Bupe kwa mkupuo mmoja. Yalitoka kwenye kisanduku cha waya pale shuleni, yakaingia kirukishi cha nyumba ya kwanza, nacho kikayarusha hadi cha nyumba ya pili, cha pili hadi cha tatu. Hiki cha tatu, kilichotundikwa ukutani kwa Mama Ikupa juu ya kabati la vyombo, ndicho pekee kilichoonana na nyumba ya Bupe ng'ambo ya bonde. Nyumba zote arobaini na mbili za Isebelo ziliishi hivyo, zimebebana. Ikiyumba moja, anaumia wa mbele.

Chanzo chenyewe Subilaga alikipata haraka. Mwili wa mtu ni maji, na maji hunywa mawimbi. Ili mawimbi yapite kwenye nyumba yenye watu, kirukishi hulazimika kujua kila mtu yuko wapi, kiyapindishe kumzunguka. Kwa hiyo hujifunza. Huyu amesimama, yule amelala, kifua hiki kinapanda na kushuka mara kumi na sita kwa dakika. Kikishazoea pumzi za mtu, kinajua namna ya kumkwepa. Na sasa, kila siku kuanzia saa nane mchana, mtu mmoja alikuwa akikaa kwenye kiti kilichopo katikati ya njia, akipumua kwa namna ambayo kirukishi kilishindwa kuizoea. Pumzi ndefu, kisha fupi tatu, kisha hakuna, kisha ndefu tena.

Subilaga alihitaji muda mfupi tu kuelewa kwamba yule ni Mama Ikupa, na kwamba alikuwa analia.

Angeishia hapo. Kiapo cha mafundi kilisema hivyo: fundi hutazama mawimbi, hatazami watu. Lakini alitaka kujua kiti kile kilikuwa na nani kabla ya hapo, akarudi nyuma kwenye kumbukumbu, mwezi baada ya mwezi, hadi tarehe aliyoijua vizuri kwa sababu siku mbili baadaye alisimama kaburini pamoja na mlima mzima. Siku aliyofariki mzee Lwitiko, mume wa Mama Ikupa.

Daktari alikuwa amesema mzee aliondoka ghafla, kama taa inavyozimwa. Mama Ikupa alikuwa shambani nyuma ya nyumba, akichimba viazi. Aliporudi na beseni kichwani alimkuta kitini, ameshapoa. Mstari ulisema mengine. Ulisema pumzi kumi na sita, kisha kumi na mbili, kisha tisa, kisha sita. Ulichukua dakika thelathini na nane kufika mwisho.

"Umelipata tatizo?"

Mama Ikupa alikuwa mlangoni na sahani ya ndizi za kuchemsha. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na saba, aliyekonda tangu msiba, na alivaa koti la mumewe la kazini, lile la mpima ardhi lenye mifuko mingi.

"Bado natafuta, mama," Subilaga akasema, akakilaza kishikwambi mezani kifudifudi.

Mama Ikupa aliweka sahani, akaketi. Alikitazama kirukishi kwa muda.

"Hicho kidude, Subi. Watu wanasema kinajua mtu akiwa ndani."

"Kinajua kuna kitu kinazuia mawimbi. Hakijui kama ni mtu."

"Basi siku ile hakikujua."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaka kuitikiwa tu, aendelee na shughuli zake. Subilaga akaitikia.

"Hakikujua, mama."

Akala ndizi mbili kwa sababu ingekuwa utovu wa adabu kuziacha, akaondoka bila kurekebisha kitu.

*

Bupe alikuwa na miaka thelathini na moja na alifundisha hesabu kwa wanafunzi wa shule nne bila kutoka sebuleni kwake. Moyo wake ulikuwa umechoka mapema. Walimwekea pampu kifuani, na pampu hiyo haikujiongoza yenyewe: kila sekunde chache ilituma hali yake kwenye mtambo wa hospitali Mbeya, mtambo ukapiga hesabu, ukaijibu ipige kwa nguvu gani. Mawasiliano yakikatika, pampu ilijishika kwa mwendo wa akiba. Mwendo huo ulidumu saa sita, mgonjwa akiwa amelala bila kujisumbua. Hospitali ilikuwa imeandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: asibebwe, asitembezwe, asubiri.

Subilaga alimweleza yote. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Alipanda mlima akiwa amejiandalia maneno kuhusu unyevu na nguzo, na alipofika akajikuta anasema habari ya kiti, ya kilio na ya dakika thelathini na nane.

Bupe alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya kifua, mazoea yake ya siku zote.

"Kwa hiyo dawa ni kumwambia asilie pale," alisema.

"Ndiyo dawa ya haraka."

"Na ukimwambia, atauliza umejuaje."

"Atauliza."

"Na akijua kwamba kilimwona mzee akikata roho na kikanyamaza, atakibandua ukutani."

"Mimi ningekibandua," Subilaga akasema.

Kwenye kioo cha ukutani watoto wa shule fulani ya mbali walikuwa wakinyoosha mikono, wakimsubiri mwalimu.

"Dada," Bupe akasema, "usinifanye mimi niwe sababu ya mtu kudanganywa. Nitamtazama vipi? Ananiletea mboga." Akazima sauti ya darasa. "Lakini nisikuongopee. Naogopa. Ukiniuliza nachagua nini, nachagua kuishi. Kwa hiyo usiniulize."

Subilaga alitazama nje. Kutoka pale aliuona ukungu umelala bondeni, na chini yake paa la shule. Mita mia sita, labda na ishirini. Miaka minane iliyopita yeye mwenyewe aliongoza kikosi kilichong'oa nyaya zote za Isebelo. Alikuwa na imani wakati ule. Waya ulifika kwa mwenye nguvu ya kuuvuta, na virukishi vilimfikia kila mtu. Mlima mzima uliunganishwa kwa siku nne. Aliwaambia watu hawatauhitaji waya tena, nao wakampigia makofi.

"Wewe unahitaji kitu kidogo sana," alisema. "Darasa lako linahitaji kasi. Moyo hauhitaji kasi, unahitaji uhakika. Waya wa zamani ungekutosha kabisa."

"Uliomba kibali."

"Mara tatu. Wanasema wakimvutia mmoja, wote watataka." Subilaga akavuta zipu ya sweta hadi shingoni. "Maroli ya waya yapo stoo. Ufunguo ninao mimi. Nitavuta waya kwanza. Ukishakuwa salama, nitamwambia Mama Ikupa. Kwa mpangilio huo."

Ulikuwa mpangilio mzuri. Ulikuwa na kasoro moja, kwamba njia pekee ya waya ilipita kwenye shamba la viazi la Mama Ikupa.

*

Kesho yake saa mbili asubuhi Subilaga alifika na roli la kwanza kwenye toroli. Mama Ikupa alikuwa akifagia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mizigo."

"Nataka kuomba njia. Nipitishe waya ukingoni mwa shamba, uende kwa Bupe."

Mama Ikupa aliegemeza ufagio ukutani. "Pitisha tu. Bupe ni mtoto wangu." Kisha akakunja uso. "Lakini kirukishi si kinafika kwake? Wewe ndiye uliyetuambia hatutahitaji waya tena."

"Kinayumba mchana."

"Kwa nini mchana?"

Subilaga alifungua mdomo. Alikuwa na jibu la unyevu, la nguzo, la miti iliyokua. Mama Ikupa alimtazama akilitafuta lile jibu, na wanawake waliokaa jirani miaka ishirini hawahitaji kumbukumbu ya mtambo kujua mwenzao anataka kusema uongo.

"Jana ulikilaza kile kioo chako kifudifudi," Mama Ikupa akasema. "Usiku nililifikiria hilo. Niambie."

Akamwambia. Walikuwa wamesimama jikoni wakati huo, kwa kuwa Mama Ikupa alikataa kusikia akiwa nje. Subilaga alisema saa, alisema dakika, alisema pumzi zilivyopungua. Alijaribu kusema polepole, akaona kwamba polepole ni ukatili, akasema haraka.

"Aliita?"

"Hakisikii sauti, mama. Kinajua mwili tu."

"Mwili ulifanya nini?"

Hapo Subilaga angeweza kusema hakuna kinachoonekana. "Aliinuka mara moja, kama dakika ya kumi. Alienda mpaka dirishani akasimama muda. Kisha akarudi kitini."

"Dirisha lipi?"

"Hili."

Mama Ikupa aligeuka. Nje ya dirisha la jikoni palikuwa na uzio mdogo, halafu shamba, matuta ya viazi yakianzia hatua chache tu kutoka ukutani.

"Nilikuwa nimempa mgongo," alisema. "Nilikuwa nachimba kuelekea kule." Akaonyesha kwa kidole, taratibu, kana kwamba Subilaga alihitaji kujua tuta lenyewe. "Na hiki kilikuwa kinaona yote."

"Kilikuwa kinaona kizuizi. Hakikufundishwa kuita mtu."

"Alipomaliza, kiliandika nini? Kinaandika, si ndiyo? Wewe husoma."

Subilaga alikitazama kirukishi.

"Subilaga."

"Kiliandika, kizuizi kimetulia, njia imekuwa bora zaidi."

Mama Ikupa alitikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu aliyesomewa barua aliyoitarajia. Akapanda juu ya kigoda, akakishika kirukishi kwa mikono miwili, akakichomoa ukutani pamoja na msumari wake. Akatoka nacho nje, akapita mbele ya toroli, akafika kwenye pipa la maji ya mvua, akakizamisha na kukikandamiza chini mpaka viputo vilipoisha.

Subilaga hakumzuia. Baadaye aliulizwa kwa nini, na jibu lake lilikuwa kwamba alidhani ana haki.

"Mama," alisema, "Bupe."

Mama Ikupa alibaki na mikono ndani ya maji, mikono ya koti ikiwa imelowa hadi viwiko. Uso wake ulibadilika polepole.

"Ana muda gani?"

"Saa sita."

"Kingine kipo?"

"Stoo hakuna. Kikiagizwa ni siku tatu."

Mama Ikupa alitoa mikono, akaifutia kwenye koti. "Roli moja linatosha?"

"Yanatakiwa matatu. Na watu."

"Watu nitaleta mimi," alisema, akaenda bila kufunga mlango.

*

Walikuja tisa. Walikuja na majembe, na hakuna aliyeuliza sababu, kwa maana Mama Ikupa alikuwa amewaambia njiani: nimemkatia Bupe pumzi, njooni tumrudishie. Alilisema vilevile katika kila mlango.

Subilaga alimpigia Bupe simu ya kawaida, ile ya sauti tu.

"Nimelala," Bupe akasema. Sauti yake ilikuwa bapa. "Ilipiga mlio, nikajua. Usiniambie imekuwaje. Niambie mko wapi."

"Tunaanza shuleni."

"Basi uwe unaniambia mnapofika."

Alimwambia walipovuka barabara. Alimwambia walipofika kijitoni, ambako waliuning'iniza waya kwenye matawi ili maji yasiuchukue. Roli la pili lilikuwa limetafunwa na panya sehemu mbili, na Subilaga alipiga magoti kwenye matope akiunga nyuzi nyembamba kwa vidole vilivyokufa ganzi, huku mzee wa nyumba ya kwanza akimshikia mwavuli. Kila kiungo alichofunga alikipima. Kila alipopima alihesabu. Saa ya pili ilipita, ya tatu ikapita. Wakati mmoja Bupe hakujibu kwa dakika mbili, kisha akajibu kwamba alikuwa anahesabu vigae vya dari na hakutaka kupoteza idadi.

Saa ya tano iliwakuta shambani kwa Mama Ikupa na roli la mwisho likiwa linaisha. Subilaga alipima kwa macho, kisha kwa hatua. Walikuwa wamepinda kulizunguka kaburi la Lwitiko, lililokuwa mwisho wa matuta, udongo wake bado mwekundu. Mzunguko ule ulikuwa umekula kama hatua thelathini, na juu, kwenye ukuta wa Bupe, waya ungepungua hatua ishirini na tano.

Watu waliona na wakatazama chini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

"Unyooshe," Mama Ikupa akasema. Alikuwa anachimba nao tangu asubuhi na matope yalimfika magotini. "Upite juu yake."

"Mama, tunaweza kutafuta kipande kingine."

"Wapi? Muda gani?" Alishapanda juu ya kaburi, jembe mkononi, akifungua mfereji mwembamba katikati ya udongo mwekundu, kwa uangalifu, kina cha kiganja kimoja. "Mume wangu alipima ardhi miaka thelathini na mitano. Asingekubali mstari unaozunguka bure."

Wakaunyoosha. Aliufukia mwenyewe kwa mikono.

Subilaga alipochomeka ncha ya mwisho kwenye kipokezi cha Bupe, zilikuwa zimebaki dakika kumi na tisa. Alikaa sakafuni kando ya kitanda akisubiri mtambo wa Mbeya uitambue pampu. Taa ndogo ilikuwa ya njano, ikakaa njano, ikakaa njano, kisha ikawa ya kijani. Bupe alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, naye hakuyafuta, maana alikuwa bado anaogopa kujitikisa.

Mlangoni Mama Ikupa alisimama bila kuvuka kizingiti.

"Bupe, mwanangu. Ni mimi niliyekizamisha."

"Najua, mama. Nilisikia kwenye simu watu wakisema."

"Nilikuwa sikufikirii wewe. Wakati ule nilikuwa sikufikirii kabisa."

Bupe aliugeuza uso taratibu kumwelekea. "Ingia ukae," alisema. "Siwezi kukwambia si kitu. Lakini ingia ukae."

*

Barua ya ofisi ya mtandao ilifika Ijumaa. Subilaga afike Jumatatu, ajieleze kwa nini amesoma kumbukumbu za pumzi za watu kinyume cha kiapo na kwa nini ametoa mali stoo bila kibali. Aje na kishikwambi na ufunguo.

Jumapili mchana alishuka kwa Mama Ikupa. Ukutani juu ya kabati palikuwa na tundu la msumari na mraba mweupe wa chokaa. Nyumba za nyuma zilikuwa zimepata njia nyingine. Mawimbi ya Isebelo sasa yaliizunguka nyumba hii kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Kesho wanakichukua," Subilaga alisema, akiweka kishikwambi mezani. "Kumbukumbu ya mzee imo humu. Nimeona ni haki yako uamue kabla yao."

Mama Ikupa alifikiri. "Inaweza kwenda kwa mwendo wake? Si haraka. Kwa mwendo uleule?"

"Inaweza."

"Basi iwashe. Nataka nikae naye."

Subilaga akauliza kama aondoke. Mama Ikupa alimwonyesha kigoda. Yeye mwenyewe alivuta kiti cha mumewe, akakaa, akakiegemeza kioo kwenye birika mbele yake.

Mstari ulianza kutembea. Ulipanda, ukashuka, ukapanda. Mwanzoni Mama Ikupa alitazama tu. Baadaye akaanza kuzungumza kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, na Subilaga alijitahidi asisikie, akasikia: habari za viazi, vilivyotoka vikubwa mwaka huu, habari ya koti, mtoto wao wa Songea amepiga simu. Dakika ya kumi mstari ulipoinuka na kwenda dirishani, Mama Ikupa naye aliinuka. Alisimama pale pale, akatazama nje kwenye matuta, muda uleule aliosimama mumewe. Kisha wakarudi kitini.

Pumzi zikawa tisa. Zikawa sita. Mama Ikupa aliacha kuzungumza na kuushika ukingo wa kioo kwa vidole viwili. Subilaga aliona mwisho unakuja, akanyoosha mkono kuzima.

"Acha," Mama Ikupa akasema.

Ilikuja moja. Ilikuja nyingine, baada ya muda mrefu. Walisubiri, na haikuja tena, na mstari ukaendelea mbele ukiwa umenyooka. Mama Ikupa aliendelea kukaa nao dakika kadhaa zaidi. Kisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sasa ifute," alisema. "Wao wasiwe nayo."

"Wataniuliza ilikokwenda."

"Utawaambia nini?"

Subilaga alibonyeza, akathibitisha, akabonyeza tena. Kioo kikawa kitupu.

"Nitawaambia niliisoma," alisema, "halafu nikampa mwenyewe."